Likizo Isiyo na Safari

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Aprili, vyuo vikuu vya Marekani hufunga madarasa kwa wiki moja. Ni likizo ya machipuko, na kwa miongo kadhaa iliendana na kitu kimoja: ufukwe wa bahari. Mwaka 1985 wanafunzi wapatao 350,000 walimiminika Fort Lauderdale, Florida, wakaujaza mji ule hadi wenyeji wakachoka na baraza la mji likakaza sheria za ulevi wa hadharani ili wasirudi. Mwaka 1991 likazaliwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, shirika liitwalo Break Away, lenye kazi ya kusaidia vyuo kuandaa likizo ya namna nyingine: wanafunzi kumi au kumi na wawili wanapanda gari, wanakwenda jimbo jingine, wanalala kwenye sakafu ya kanisa, mchana wanajenga nyumba au wanapanda miti, na Jumapili wanarudi chuoni. Mtindo huo umeenea, nami sina sababu ya kuubeza. Kijana anayeacha ufukwe akashika nyundo anastahili heshima yake. Lakini pembeni yake kuna tawi dogo lisilopigwa picha sana, la wanafunzi wanaobaki katika mji uleule wanaosomea. Hawa huchukuliwa kama waliokosa nauli. Hoja ya sura hii ni kwamba wao ndio wanaofanya jambo zito zaidi, na uzito huo hautokani na nauli waliyookoa. Unatokana na ukweli kwamba mtu aliyebaki anaweza kuulizwa. Akiharibu, aliyeharibiwa anajua pa kumpata. Akiahidi, Jumatatu inayofuata yupo palepale, na aliyeahidiwa naye yupo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo vyuo hupenda kuitangaza. Mwaka 2024 Independent Sector, muungano wa mashirika ya hisani ya Marekani, ulikadiria thamani ya saa moja ya kujitolea kuwa dola 33.49. Mwanafunzi akifanya kazi saa 40 katika wiki yake ya likizo, amechangia kama dola 1,340. Toa humo nauli, chakula, bima, na mshahara wa msimamizi aliyeacha shughuli zake ili amwonyeshe mgeni namna ya kushika msumeno. Kinachobaki ni kidogo, na mara nyingine hakuna. Sisemi hivi kuwavunja moyo vijana. Hakuna fundi, muuguzi wala mwalimu anayeweza kuwa na faida kubwa katika wiki yake ya kwanza kazini. Wiki ya kwanza ni ya kujua stoo iko wapi na nani ana ufunguo. Kwa hiyo anayeitetea likizo ya kujitolea kwa wingi wa saa ameshika hoja dhaifu kuliko zote alizonazo, awe amesafiri au amebaki. Thamani, kama ipo, imo katika kinachofuata baada ya wiki ile: mwanafunzi amejua nini, amejuana na nani, na ujuzi huo anaupeleka wapi. Hapo ndipo umbali unapoanza kuwa na uzito, kwa sababu mengi ya kujua kuhusu mji mmoja, yaani diwani gani ana sauti, ofisi ipi hujibu barua, mtaa upi husahaulika gari la taka likipita, hayahamishiki kwenda mji mwingine.

Wazo la kumtoa msomi darasani na kumweka mtaani ni la zamani kuliko likizo hizi. Mwaka 1884, katika Whitechapel, mashariki mwa London, kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha Toynbee Hall, nyumba ambamo wanafunzi na wahitimu wa Oxford na Cambridge wangeishi, baadhi yao wakati wa likizo, katikati ya vibarua wa bandari na mafundi cherehani. William Beveridge alifanya kazi hapo kati ya 1903 na 1905. Clement Attlee naye aliwahi kuwa katibu wa nyumba hiyo. Ripoti ya Beveridge ya mwaka 1942 ndiyo iliyochora mfumo wa hifadhi ya jamii wa Uingereza, na serikali ya Attlee, iliyoingia madarakani 1945, ndiyo iliyoutekeleza, pamoja na huduma ya afya ya taifa iliyoanza 1948. Haitakuwa haki kusema Whitechapel ndiyo iliyozaa yote hayo. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, kulikuwa na vita. Lakini walioandika na waliotekeleza walikuwa wamewahi kupanga nyumba jirani na ufukara wa mji mkuu wa nchi yao, na waliyoyaona hawakuhitaji kuyatafsiri ili yafae katika bunge lao.

Mmarekani Jane Addams aliitembelea Toynbee Hall mwaka 1888, na mwaka uliofuata yeye na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House katika kata ya 19 ya Chicago. Kisa chao cha taka kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Mtaa ulijaa wahamiaji, na mbele ya nyumba palisimama masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka, ambamo watoto walicheza na ambayo mkandarasi aliyafikia alipojisikia. Hull House ingeweza kuwaita vijana wa chuo wafagie kwa siku moja. Badala yake, kina mama kumi na wawili wa mtaa wakishirikiana na wakazi wa nyumba hiyo walianza kupita vichochoroni jioni tatu kila wiki, wakiandika walichokiona, na katika Agosti na Septemba ya kiangazi kimoja walipeleka idara ya afya ripoti 1,037 za ukiukaji wa sheria. Mwaka 1895 Addams aliomba zabuni ya kuzoa taka za kata, akakataliwa, kisha meya akamteua mkaguzi wa taka kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Akawa anaamka alfajiri kufuata mikokoteni. Katika barabara moja nyembamba, chini ya taka zilizoshindiliwa kwa unene wa inchi 18, walikuta barabara ya mawe ambayo wakazi wengine hawakujua kama ipo. Baadaye kata ile, iliyokuwa ya tatu kwa vifo katika orodha ya kata za mji, ilishuka hadi ya saba.

Watu hao hawakuwa wanafunzi wa likizo, na sitaki msomaji adhani nawachanganya. Ninachokitafuta katika kisa hiki ni mfuatano wa mambo. Kwanza waliona, kisha wakaandika, kisha wakasumbua ofisi, kisha mmoja wao akaingia ofisini. Hatua ya kwanza inaweza kufanywa na mgeni yeyote mwenye macho, na huenda wiki moja inatosha. Hatua tatu zinazofuata zinamtaka mtu aliyepo mwezi ujao na mwaka ujao. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami naongeza kwamba hata ukiambiwa habari zao, huna sababu ya kukesha ukiwatafuta.

Mtu atauliza: je, haja kubwa zaidi haiko mbali? Mwanafunzi wa Boston anaweza kubaki apange makopo ya chakula katika ghala la msaada, au aende nchi ambayo shule haina madawati. Swali ni la haki, na sisi wa Afrika Mashariki tuna namna yetu ya kulijibu, kwa kuwa tumekuwa upande wa pili wa safari hizo. Vijana wa likizo wametembelea nyumba za kulelea watoto huku kwetu kwa miaka mingi, na kila palipo na wageni wenye kulipa ili kukaa na mayatima, patatokea mtu wa kuwatafutia mayatima, hata kama wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo, na sera ya nchi imeelekea kuwarudisha watoto kwenye familia. Mapema zaidi, Aprili 1968, Ivan Illich, padri aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Mexico, alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda vijiji vya Mexico kwa kiangazi, akawasihi wasiende. Hoja yake iliyokaa hadi leo ni hii: kama ni lazima ufanye kazi na maskini, fanya na wale ambao mnaelewana lugha na wanaoweza kukukatalia usoni. Mwanakijiji aliyepakiwa rangi ukuta vibaya husema asante, kwa sababu mgeni ataondoka Ijumaa na mfadhili aliyemleta yupo. Mtu wa mtaa wa pili kutoka chuoni humwambia mwanafunzi kwamba ukuta ule haukuhitaji rangi, ulihitaji bomba lililo nyuma yake lizibwe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni New Orleans, na silikwepi. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Wakazi walitawanyika nchi nzima. Machi 2006, wanafunzi kutoka kila upande wa Marekani walikuja kuzitoa matumbo nyumba zilizolala majini: barakoa usoni, mtaimbo mkononi, wanabandua mbao za jasi zilizoota ukungu mweusi mpaka zibaki nguzo tupu, wanasukuma kwa toroli hadi barabarani, ambako majokofu yaliyofungwa kwa utepe wa gundi yalisimama kwa safu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyafungua. Kazi hiyo isingefanywa na wenyeji, maana wenyeji hawakuwepo. Nakubali bila masharti kwamba mji unapozama, mikono ya mbali ni neema.

Lakini tuutazame mji huohuo miaka iliyofuata. Louisiana ilianzisha mpango uitwao Road Home wa kuwalipa wenye nyumba ili wajenge upya. Kiasi cha msaada kilikokotolewa kwa kuchukua kilicho kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba kabla ya dhoruba, au gharama ya kuitengeneza. Nyumba mbili zenye ukubwa na uharibifu uleule zingepata fedha tofauti, kwa sababu nyumba iliyo katika mtaa wa watu weusi ilikuwa na bei ndogo sokoni, ingawa mbao na misumari huuzwa bei moja kila mahali. Kesi ilifunguliwa 2008 na kumalizwa kwa makubaliano 2011, wenye nyumba wakapangiwa dola milioni 62 zaidi. Mwanafunzi aliyekuja kwa wiki moja aliona ukuta wenye ukungu, na aliuona sawasawa. Kanuni ya hesabu iliyomzuia mwenye ukuta kurudi hakuweza kuiona. Hiyo huonekana kwa mtu anayepita mtaa uleule mwaka hadi mwaka akijiuliza mbona upande huu nyumba zimesimama na upande ule ni majani. Chuo Kikuu cha Tulane, kilichofungwa muhula mzima baada ya mafuriko na kufunguliwa tena Januari 2006, kilielewa jambo hilo. Kuanzia mwaka huo kiliweka sharti kwamba hakuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza atakayehitimu bila kutumikia jamii, na sharti hilo lina awamu mbili, moja katika miaka ya mwanzo na nyingine karibu na mwisho. Nadhani awamu ya pili ndiyo yenye busara, kwa kuwa inamrudisha kijana mtaani akiwa tayari ana kumbukumbu ya jinsi ulivyokuwa.

Je, wiki moja ya kubaki mjini yaweza kufanyiwa nini, kama siyo kupanga makopo? Mfano ninaouthamini kuliko yote hauvutii kamera hata kidogo. Tangu 1969 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, imekuwa na mpango wa watu wa kujitolea wanaowajazia fomu za kodi bure wenye kipato kidogo, na wanafunzi wamekuwa sehemu yake tangu mwanzo. Msimu wake huanza mwishoni mwa Januari na kufikia kilele katikati ya Aprili, kwa hiyo likizo ya machipuko huangukia ndani yake na kuwapa wanafunzi asubuhi za siku za kazi ambazo ratiba ya masomo haiwapi. Hakuna anayekaa kwenye meza hizo kwa moyo mwema pekee. Lazima afaulu mtihani, na kila fomu aliyoijaza hupitiwa na mtu wa pili kabla haijatumwa. Fedha zinazohusika si ndogo. Tangu 1975 sheria inatoa nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa mishahara midogo, na kwa mwaka wa kodi 2024 familia yenye watoto watatu au zaidi iliweza kupata hadi dola 7,830. IRS yenyewe hukadiria kwamba mmoja kati ya kila watano wanaostahili nafuu hiyo haiombi. Wengine huiomba kupitia ofisi za kulipia, zinazokata mamia ya dola kutoka mfukoni mwa mtu anayetandika vitanda hotelini.

Mwanafunzi akikaa kwenye meza ile hulazimika kuuliza maswali ambayo hakuna mpaka rangi atakayewahi kuuliza. Mama ana karatasi mbili za mshahara, moja ya hoteli na nyingine ya nyumba ya wazee. Kwa nini kazi mbili, na hakuna hata moja inayompa bima? Mtoto amelala kwa bibi miezi mingapi na kwa mama miezi mingapi? Sheria inataka zaidi ya nusu ya mwaka, na jibu hilo huamua nani kati yao atapata maelfu ya dola na nani atakosa. Katika saa moja kijana anajifunza jinsi familia inavyogawana watoto, zamu na vyumba, mambo ambayo somo la uchumi hupitia kwa wastani tu. Kisha kuna lile la kuulizwa. Akikosea, barua ya IRS itafika miezi michache baadaye kwenye nyumba iliyo umbali wa basi moja, na yule mama atarudi kwenye meza ileile na barua mkononi. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya mwanafunzi asome kanuni mara ya pili usiku. Nauliza kwa dhati kama kuna safari yoyote ya wiki moja inayompa kijana sababu ya kuhofia hivyo kukosea.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi si mtu wa mji huo kwa kweli. Ni mpita njia wa miaka minne anayeishi nyuma ya geti, na kuita Philadelphia au Chicago mji wake ni kujipa ukoo. Kuna ukweli humo, hasa pale chuo kinapopandisha kodi za nyumba zinazokizunguka. Ila sheria ya Marekani imekwisha kutoa jibu lake. Tangu sensa ya 1950 wanafunzi wanahesabiwa mahali wanaposoma, na idadi yao huingia katika hesabu zinazogawa viti vya bunge na fedha za serikali kuu. Mwaka 1979, katika kesi iliyotoka Waller County, Texas, kilipo chuo cha watu weusi cha Prairie View A&M, Mahakama Kuu ya nchi iliidhinisha hukumu iliyomzuia mwandikishaji wa wapiga kura kuwabagua wanafunzi kwa hoja kwamba si wakazi. Mji unaowahesabu na unaopaswa kuwapokea kwenye sanduku la kura una haki ya kuwadai kitu. Huyo wa meza ya kodi, akipiga kura Novemba kuhusu nauli za basi au kima cha chini cha mshahara, anapiga akiwa na sura za watu kichwani.

Wapo pia wanaohofia kwamba kujitolea kunaisamehe serikali kazi yake. Hofu hiyo ni halali kwa kazi zinazoishia kwenye makopo na ufagio. Haina nguvu sana kwa kazi zinazomkutanisha mwanafunzi na serikali yenyewe, na ndiyo maana nimekaa muda mrefu kwenye taka za Chicago na fomu za kodi: zote mbili zilimpeleka mtu hadi dirishani pa ofisi, zikamwacha hapo akidai.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mwaka 2020 wanafunzi wapatao asilimia 40 wa shahada ya kwanza wanaosoma muda wote nchini Marekani walikuwa na ajira, na kwa wanaosoma muda nusu asilimia ilikuwa 74. Kwa wengi wao likizo ya machipuko ni wiki ya kuongeza zamu dukani ili kodi ya chumba ilipike. Wiki ya kujitolea basi inakuwa ya waliojaliwa, hata kama ni ya hapohapo mjini, na anayebaki nje ni mara nyingi mwanafunzi aliyekulia katika mtaa unaohudumiwa, yaani yule ambaye mama wa karatasi mbili za mshahara angemweleza habari zake kwa urahisi zaidi. Hapa wito wa moyo hautoshi. Panahitajika fedha, na mlango wake upo tayari. Sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini ilianzisha mpango wa serikali kuu wa kuwalipa wanafunzi wenye uhitaji kwa kazi wanazofanya wakiwa chuoni, na kila chuo kinachopokea fedha hizo kinatakiwa kutumia angalau asilimia 7 kwa kazi za kuhudumia jamii. Sehemu kubwa inayobaki huishia kwenye kaunta za maktaba na mapokezi ya ofisi za chuo. Asilimia 7 ni kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, na chuo kinachotaka kufika 30 hakihitaji kibali kipya. Kinahitaji mtu wa ofisi ya fedha akae na msimamizi wa meza za kodi mwezi Novemba, kabla mitihani ya vyeti haijaanza, wakubaliane ni wanafunzi wangapi watalipwa kwa saa katika wiki ile ya Machi, na wangapi wataendelea hadi Aprili.